Mugumo Bila Ukungu

Pili alipanda kilima cha Iveti polepole, kama mtu aliyebeba maji na hataki yamwagike. Magoti yalimchosha, mkanda wa kamera ulimchosha shingo, na hata ile hamu iliyomtoa kitandani ilikuwa imeanza kuchoka. Lakini banda la misitu kwenye maonyesho ya kilimo lilitaka picha za miti ya ajabu, naye alikuwa na mmoja moyoni. Ulikuwa mugumo uliokumbatia mti mwingine mpaka ule wa ndani ukafa, ukaoza, ukaisha. Sasa mugumo umebaki peke yake, mtupu katikati, ukichungulia unaona upande wa pili kama dirishani.

"Nikiukosa huu," alikuwa amemwambia mjukuu wake Firdaus, "kamera naifungia sandukuni. Nitakaa nyumbani nichambue maharagwe kama wenzangu."

Juu alimkuta Kioko, mlinzi wa msitu, ameegemea fimbo.

"Wakya, mama," alimwamkia kwa Kikamba.

"Aa," Pili akaitikia.

"Mama Studio, leo tena? Hii miti iko na harusi gani?"

"Afadhali miti. Haijaniuliza hata siku moja kwa nini nimeitoa minene."

Kioko akacheka, akaenda zake.

Pili alitundika kiondo chake cha kusuka kwenye mzizi, akapiga magoti mbele ya mugumo. Akafunga jicho la kushoto, vile marehemu Ayub mumewe alivyomfundisha walipofungua studio, akatazama kwa la kulia. Ukungu ulikuwepo, mwembamba na mweupe, umetanda juu ya matawi kama shela. Akasogeza shina pembeni mwa picha, akauachia ukungu upande mzima uliobaki, akasubiri pumzi itulie, akabonyeza. Siku hizi hakuukosa ukungu. Hata akichelewa na jua likapanda, aliukuta ukimngoja ndani ya kamera, naye alimshukuru Mungu asiulize zaidi.

Filamu ilipooshwa, Firdaus aliziingiza picha kwenye kompyuta. Hiyo kompyuta ilikuwa bado mgeni pale studio, ikifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Pili akavuta kiti.

"Punguza mwanga kwenye kona," alisema kabla picha haijafunguka vizuri. "Na kuna mfuko wa nailoni umenasa tawini, utoe. Lakini ukungu usiuguse."

Firdaus aligeuka. "Ukungu gani, nyanya?"

Picha ilikuwa imefunguka yote. Jua lilikuwa limewaka juu ya mugumo, majani unaweza kuyahesabu. Ule upande ulioachiwa ukungu ulikuwa na mabati ya nyumba za bondeni yakimeta, na nguzo ya stima.

"Hii si yangu," Pili alisema. "Wamechanganya na filamu ya mtu."

"Na hicho kiondo ni cha nani?"

Kiondo kilikuwa pale pale mzizini, na ule mkanda wake alioushona kwa uzi mwekundu.

Pili aliinamia kioo cha kompyuta. Akafanya alichokuwa akifanya kwa kila picha kabla ya kuipitisha: akakunja kiganja kikawa tundu, akafunga jicho la kushoto, akaichungulia.

"Ehe. Sasa ndiyo hii. Umeufanyaje ukarudi?"

"Sijagusa kitu, nyanya."

Akafungua jicho la kushoto, nguzo ya stima ikarudi. Akalifunga, shela ikashuka. Alirudia hivyo mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayejaribu kufuli asiyoiamini. Kisha akaweka mkono mapajani.

Gari la mkate lilipita nje. Firdaus akashika kipanya cha kompyuta. "Ninaweza kuuweka mimi. Kompyuta inaweza. Nionyeshe tu ulikuwa umefika wapi. Huko kwa maonyesho hakuna atakayejua."

"Nikuonyeshe wapi, mwanangu? Kumbe ulikuwa jichoni mwangu."

"Basi twende hospitali ya macho."

"Tutaenda. Niache kwanza nipumue."

Alipumua muda mrefu. Kisha akaiomba kamera, akaipeleka kwenye jicho la kushoto, lile lililokaa gizani kila picha ya maisha yake. Pua ikaziba njia. Kile kishikio cha kusogezea filamu kikamdunga kipaji cha uso. Mikono, iliyozoea upande mmoja, ikayumba kama ya mwanafunzi. Lakini Firdaus alionekana mle ndani waziwazi, hata kovu dogo la tetekuwanga karibu na nyusi, ambalo Pili alidhani lilishafutika.

"Ulisema utaiweka sandukuni," Firdaus alisema.

"Nilisema nikiukosa. Huo mti hata sijauona bado."

Asubuhi iliyofuata magoti yalikuwa yale yale. Kioko alimkuta ameketi kwenye mzizi wa mugumo, kamera mapajani, kipaji kimefanya alama nyekundu.

"Mama, hupigi?"

Pili aliinua kamera hadi jicho la kushoto, akaangalia. Mabati ya bondeni yalimeta. Akaishusha.

"Kuko na ukungu, Kioko?"

"Leo hakuna. Labda kesho, kukinyesha usiku."

"Haya, tutaona kesho," alisema Pili, akaanza kujiinua, mkono mmoja kwenye mugumo. "Nishike kiwiko basi, nishuke."