Uji wa Mapema

Nilikuwa nimeinama kumlisha mama mkwe viazi vya kuponda blauzi ilipolowa kifuani. Aliacha kutafuna, akalitazama doa, kisha akapiga kigelegele cha nusu mdomo, maana upande wa pili kiharusi kilikuwa kimeuchukua.

"Kaluki! Mungu ametukumbuka!"

Ningemkatiza papo hapo. Lakini tangu alfajiri nilikuwa nimechota maji, nimekama mbuzi, nimeuza dukani, nimemwogesha. Hata ulimi ulikuwa umechoka. Miaka minane bila mtoto, na mama huyu hajawahi kunitupia neno. Nikanyamaza. Kumbe kunyamaza nako ni kujibu.

Ukweli niliujua. Daktari Hamdi, kule Makindu, alikuwa amenieleza taratibu. "Huna mimba, dada. Damu yako ina prolaktini nyingi, homoni inayoleta maziwa. Picha ya kichwa haina uvimbe, wala hutumii dawa ya kuipandisha. Nadhani umechoka mno. Mwili usipopumzika, homoni za msongo hubaki juu, na hii nayo huweza kupanda, hedhi ikakatika. Punguza kazi, tupime tena."

Punguza! Nimwachie nani? Mume wangu Mbuvi yuko Mombasa mwezi hadi mwezi.

Jumamosi nikasikia nyimbo njiani. Ni akina mama wa kanisa, Muthoki mbele na kibuyu cha uji wa wimbi. Mama mkwe, kupitia dirishani, alikuwa amemtangazia kila mpita njia wa hapa kwetu Nunguni. Wakaingia hadi chumbani kwake.

"Uji huu hupewa aliyekwisha kuzaa," Muthoki akacheka, "lakini wewe tumekungoja sana, mwanangu."

"Hakuna mimba," nikasema. "Maziwa haya ni ya uchovu. Daktari ameniambia."

Wimbo ulikatika. Kitandani, mama mkwe alijifuta jicho kwa mkono ule mzima.

"Basi ni mimi ninayekumaliza."

Siku zote ningesema, la hasha, mama. Siku hiyo neno lilikataa kutoka.

"Nakupenda, mama. Lakini nimechoka. Nimechoka sana."

Nikalia mbele yao wote bila haya. Muthoki akanijazia kikombe. "Kunywa. Uji ukishatoka nyumbani haurudi." Akawageukia wenzake. "Mitungi ya maji iko wapi?"

Mama mkwe akajisogeza kwa shida hadi ukutani, akapigapiga godoro kando yake. "Lala."

Nikalala na viatu vyangu. Niliisikia mitungi ikigongana kuteremka mtoni, na si mimi niliyeibeba.