Uyoga Chini ya Mzabibu

Watu wa mtaa wetu wa Kikula wanapanda mihogo, wanapanda matembele, wenye nafasi wanapanda mipapai. Mke wangu Élise alipanda mzabibu. Majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe, kisha zabibu za kwanza zilipoiva wakaja na mabakuli. Sikuwafukuza, lakini sikusahau nani alicheka.

Élise amefariki. Tulimzika katika mvua za mwaka juzi, na tangu matanga yalipokwisha lango langu halina kazi. Mimi ni mtu wa maneno makali, najua. Maisha yangu yote nilipaza sauti katika machimbo ya chokaa kule Kakontwe, na nilipostaafu nilirudi nyumbani na sauti ile ile. Wageni walikuwa wakija kwa ajili ya Élise. Mimi walinivumilia tu.

Kwa hiyo nakaa chini ya mzabibu. Pale kuna viti viwili, changu na chake, na huwa naongea. Anayesikia juu ya ukuta na asikie.

Kulikuwa na jambo moja nililolingoja kuliko yote. Kila mwaka mvua zikishika, chini ya shina la mzabibu huota uyoga, sisi tunauita bowa. Unatoka kwa mafungu, rangi yake ya asali. Enzi za Élise nilikuwa naamka mapema niwawahi kuku wa jirani, nauchuma, nauleta jikoni ndani ya kofia yangu. Élise aliupika na karanga, na nyumba nzima ilinukia hadi kesho yake. Mimi niliula na bukari, ugali wetu, yeye alikaa mbele yangu akinitazama bila kupepesa.

"Weye kula," alikuwa akisema. "Minye nimekulaka ku cuisine, kule jikoni."

Katika macho yale niliiona ndoa yetu yote. Mvua za mwaka jana nilikuwa bado na huzuni mbichi, sikutazama chini, uyoga ukaozea pale pale. Safari hii niliungoja.

Lakini mzabibu wenyewe ulianza kunitia wasiwasi. Joto la Septemba lilipofika, majani yalitoka madogo, ya njano, kingo zimekauka. Upande mmoja ulianza, wa pili ukafuata. Matawi hayakurefuka. Vishada vilivyojitokeza vilinyauka kabla ya kuwa kitu. Nikasema ni kiu. Nikaumwagia maji asubuhi na jioni, hata maji ya kuoshea vyombo, na kadiri nilivyomwaga ndivyo ulivyozidi kulegea.

Mama Deborah wa kikundi cha maombi alichungulia langoni akaona. Akaniambia kuna mtu ameufunga mti ule kwa uchawi, tuupake mafuta, tufunge na kuomba. Nikamwambia mchawi wa Kikula mwenye akili angenifunga mimi, angeziacha zabibu ili azile. Alicheka, akaenda zake. Nilijuta baadaye, maana ndiye peke yake aliyekuwa amefungua mdomo kunisemesha wiki ile.

Mwishowe nilimwita Déogratias, agronomu, mtaalamu wa mimea aliyestaafu, ninayesali naye parokia moja. Alikuja mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunyunyiza. Aliuzunguka mzabibu, akatazama majani, kisha akachuchumaa.

"Papa Cathy, unamwangaka maji kila siku?" aliniuliza.

"Asubui na mangaribi."

"Wacha. Haina kiu."

Alichimba kwa mikono kuzunguka shina mpaka mizizi ilipoanzia. Akachukua kisu, akagusa gome. Lilibanduka lenyewe kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ndani yake kulikuwa na utando mweupe, mwembamba, umejitandaza kati ya gome na mti.

"Nusa," akasema.

Nilipiga magoti nikanusa. Na hapo hapo nilikuwa mezani, mvua inapiga bati, bukari inatoa mvuke, Élise yuko mbele yangu. Machozi yalinitoka. Déogratias alidhani naulilia mti.

"Kama maji njo iliozesha mizizi, ingenuka matope," akasema. "Hii inanuka bowa. Kila mvua, hapa chini bowa inaotaka?"

"Eh! Bowa ya Élise," nikamjibu kwa majivuno.

Alifuta kisu kwa jani. "Ile bowa njo matunda ya ugonjwa, Papa Cathy. Mwili yake iko mu mizizi, inakula pole pole. Zamani, mbele ya vigne, huu muzabibu, hapa kulikuwa muti gani?"

Palikuwa na mwavokado. Tuliukata tukachoma makaa, kisiki tukakiacha ardhini kama wanavyofanya watu wote hapa, maana nani ana nguvu za kupigana na kisiki? Élise alipanda mzabibu kando yake kwa sababu udongo ulikuwa laini.

"Ilianzia mule," akasema Déogratias. "Dawa haiko. Ung'oe yote, na kisiki, na mizizi, uchome. Ufanye mbio, juu ya kale kadogo."

Alinyoosha kidole kwenye ukuta wa jikoni. Pale kuna mzabibu mdogo. Miezi michache kabla ya kufa, Élise alikata kijiti cha ule mkubwa akakipanda pale, ili kikishika Cathy, binti yetu, akichukue kwake Lubumbashi. Cathy hajaja kukichukua. Ugonjwa hupita ardhini, akanieleza Déogratias, na mizizi ya mti mgonjwa ikigusana na ya mti mzima, huo nao umekwisha. Mzabibu mwingine wa Élise haupo popote duniani.

Nilimshukuru, nikamsindikiza langoni. Na sikuchimba.

Naomba nieleweke vizuri. Sikusahau, wala sikukosa nguvu. Nilitaka harufu ile ijae nyumbani mwangu mara moja zaidi. "Mvua hii tu," niliuambia mzabibu, na kila nilipopita karibu na ule mdogo niligeuza uso.

Desemba uyoga ukatoka, mwingi kuliko miaka yote. Nikavua kofia, nikachuma, nikaingia jikoni. Hapo nikasimama kama mjinga. Sikujua pa kuanzia. Nikampigia Cathy simu.

"Papa? Kuko nini? Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Mama yako alikuwaka anapikaka bowa namna gani?"

"Bowa ya ku vigne? Papa, usikule ile kintu!"

"Nilikulaka miaka yote. Nani alikufa?"

"Mama alikuwaka anaogopa ile bowa. Yeye hakukulaka hata siku moja. Alikuwaka anachemusha, anamwanga maji, anachemusha tena. Kisha anaikala mbele yako anakuangalia, aone kama utaanguka."

Nilikaa juu ya gunia la makaa.

"Juu ya nini hakuniambia?"

"Ulikuwaka unaileta mu chapeau, mu kofia yako, Papa, na furaha. Mama alisemaka, ile njo siku moja ya mwaka unachekaka asubui. Donc, kwa hiyo, alikuwa anapika." Akavuta pumzi. "Yeye alikuwa anapenda raisin, zabibu yenyewe. Kale kavigne kangu, kangali kazima?"

Nilitazama mlangoni. Mvua ilikuwa inanyesha, na ule mdogo ulikuwa umetoa majani mapya, mapana, ya kijani.

"Kangali," nikasema.

"Nitakuya kukakamata, Papa."

Hakusema lini. Sikuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Kesho yake nilichukua jembe na shoka. Nilikata shina, nikachimba chini. Kati ya mizizi nilikuta nyuzi nyeusi, nene kama kamba za viatu, zimetambaa kwenye udongo kila upande. Moja ilikuwa inaelekea ukuta wa jikoni. Niliifuata kwa vidole, nikiogopa, na ilikuwa imekwisha kupita nusu ya njia. Niling'oa yote. Kisiki cha mwavokado nilikikuta cheupe ndani, laini kama mkate uliolowa maji.

"Papa Cathy, munafanya nini mu mvua?" Mama Deborah aliuliza kutoka langoni.

"Ninang'oa muchawi yako."

Nilitamani aingie. Alicheka, akaniambia amechelewa maombi, akaendelea na njia yake.

Mvua ilipokatika nilirundika mizizi juu ya makaa, nikavunja na nguzo zilizobeba mzabibu, nikatia moto. Kofia yenye uyoga niliitupa humo humo. Nilitegemea harufu itapanda mara ya mwisho. Moto ulinuka moshi tu, basi.

Kisha nilikwenda kwenye mzabibu mdogo. Nilipiga magoti, nikafukua kidogo kwenye shina, nikakwangua gome kwa ukucha. Halikubanduka. Ndani palikuwa na kijani kibichi. Nikainama nikanusa. Udongo. Nikanusa tena, kwa muda mrefu, pua yangu ikigusa ardhi. Udongo tu. Ulikuwa mzima.

Nilimshukuru Mungu. Halafu nililia kwa sauti, kwa sababu sasa katika lupango langu lote, nyumba na ua, hapakuwa tena na mahali popote panaponukia Élise.