Kupe wa Mashine ya Mabeseni

"Nimeiba mabeseni, nimeyaficha nyuma ya choo," nilikiambia kile kidude, mdomo karibu nacho kama ninayembembeleza mtoto anywe dawa.

Wifi yangu, mke wa kaka, alisimama pembeni mikono kiunoni, akinipima. Sikuwa nimeiba hata kifuniko. Nilitaka tu ajue msaliti ni nani, mimi au hicho.

Kilikuwa kidogo, cheusi, chenye mkia wa waya, kimegandishwa ubavuni mwa mashine yetu kiwandani, kwenye bomba nene la chuma ambamo plastiki huyeyuka kabla ya kusukumwa ndani ya kalibu ya kuundia beseni. Fundi alikibandika bila kutueleza neno. Tukaamini kinatusikiliza, tukakiita kupe. Tangu hapo watu wakawa wanaongea kwa macho.

Na ni palepale, tukipunguza kingo za mabeseni ya bluu yenye moto bado, wifi aliponinong'oneza kuwa ana mimba.

"Kaka yako anajua, na wewe. Basi. Wakijua hawa wakubwa, nimekwisha."

Wajawazito hawakufukuzwa pale. Walihamishiwa stoo, kisha zamu moja jina lako haliitwi. Wiki haijaisha, msimamizi akamhamishia stoo.

"Hapa kazini nilimwambia mtu mmoja tu," akanijia juu.

"Tulikuwa wawili tuliokusikia," nikasema, nikimwonyesha kupe.

Ndipo nikatunga ule wizi.

Asubuhi yake, wifi amekuja kuchukua mzigo wa stoo, wakatokea kweli: msimamizi mbele, fundi nyuma na spana zake. Hofu na furaha vikagombana ndani yangu. Wakanipita kama kiti. Nyuma ya choo hakuna aliyekwenda kuchungulia. Fundi alizima mashine, akafungua bomba, akachomoa skrubu ndefu inayosukuma plastiki. Kingo zake zilikuwa zimelika, laini kama kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye maji.

"Kidude kinapima joto na mtetemeko," akasema aliponiona nimekodoa macho. "Skrubu ikilika, mashine inatetemeka vingine. Kilishatuonya tangu wiki iliyopita, tukajua mashine itasimama, tukaanza kupunguza watu hapa."

"Na maneno je, hakisikii?"

Alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Dada yangu! Hicho kina masikio wapi?"

Nikamgeukia wifi, uso umenikunjuka. "Umesikia? Si mimi, si kupe. Ni skrubu!"

Alikuwa ameshika beseni lenye doa jeusi, analigeuzageuza.

"Tulikuwa wanne mashine hii," akasema taratibu. "Mbona wameanza na mimi?"



Zamu iliyofuata jina lake halikuitwa. Alipojifungua, habari nilizipata kwa muuza mkaa. Nikaenda na vinguo vya mtoto. Wifi alinipokea vizuri, akanipa kiti kizuri, akanimiminia chai. Kaka akaanza kunihadithia jambo fulani lao la ndani, anacheka. Wifi akamgusa goti, polepole tu, naye akanyamaza, akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.