Mchezo Usiochosha

Jumanne saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili kilikuwa na watu tisa, chupa tisa za maji na meza moja iliyowekewa kipande cha katoni chini ya mguu ili isiyumbe. Ajenda ilikuwa ileile ya Jumanne sita zilizopita: sehemu ya sita ya mchezo wa video uitwao Mlinda Lango ichezwe kwa vitufe, kama tano zilizoitangulia, au ichezwe kwa mikono.

Katika zile tano, mchezaji alikaa kwenye kochi lake, akabonyeza kitufe kwa dole gumba, na mlinzi kwenye skrini akainua upanga akakata. Sasa Mbunifu Mkuu alitaka mchezaji mwenyewe asimame, ashike fimbo fupi ya plastiki ambayo wafanyakazi waliiita kirungu, na aipige hewani. Upanga ungefuata mkono. Huko mitandaoni wapenzi wa mchezo walikuwa wametukanana miezi mitatu juu ya kitu ambacho hawajakiona hata picha. Watu wa vitufe waliwaita wenzao wapunga nzi, na hao wakawajibu kwa kuwaita wagonjwa wa kochi.

Ofisini hapakuwa na matusi, ila nyuso zilinuna. Mbunifu Mkuu, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakasimama yenyewe, alihubiri uhuru wa mwili huku amekaa kitini tangu asubuhi. Aliyempinga alikuwa mwanamke aliyekuwa akiandika programu za kampuni tangu sehemu ya kwanza. Kila kitufe kilichowahi kubonyezwa katika Mlinda Lango alikiandika yeye, kwa hiyo wakambatiza Bi Vitufe.

"Mtu katoka kazini kachoka kama punda," alisema Bi Vitufe. "Halafu wewe unamwambia asimame apunge rungu saa mbili? Bega litamtoka. Mimi mwenyewe nilijaribu nyumbani kwa mwiko dakika kumi, nikalala na barafu begani."

Mbunifu Mkuu hakubishana. Alisukuma faili katikati ya meza. Ndani mlikuwa na fomu za wajaribu wanne, watu walioajiriwa kucheza mchezo kabla haujauzwa na kusema una kasoro gani. Siku arobaini, saa sita kila siku, kila mtu na kirungu chake. Chini ya fomu palikuwa na mstari ulioandikwa "Uchovu wa mchezaji, kuanzia sifuri hadi kumi". Fomu zote zilikuwa na sifuri.

"Msiniamini mimi," alisema. "Mjaribu huyu hapa. Muulizeni."

Wakamgeukia Mjaribu, kijana wa miaka thelathini na moja aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Unachoka?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hapana, bosi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Natoka hapa mwepesi kama nilikuwa nimelala."

Ilikuwa kweli tupu, na aliisema kwa fahari. Alikuwa amezunguka na bahasha ya vyeti miaka miwili kabla ya kupata kazi hii, na kazi isiyochosha ni neema ambayo mtu haiulizi maswali.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake kwenye cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo. Duka moja lilimpa mashati ya shule ayashone, na kola zake zilisifiwa mpaka mtaa wa tatu. Siku hiyo alikuwa na taulo la maji moto begani kulia, na sakafuni palikuwa na kola tatu zilizochanwa katikati. Vikombe viwili kabatini havikuwa na mikono tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi leo saa tano ulikuwa unakata nini? Maana ulikuwa unashusha tu, juu chini, juu chini, bila huruma."

"Joka la mlangoni," alijibu Mjaribu. "Lina vichwa saba, ukivikata vinaota tena."

"Ndiyo maana. Nilihesabu mapigo mia tatu na kumi na mawili."

Mjaribu alitoa simu akafungua kumbukumbu za siku, kwa sababu mtambo wa ofisini ulihesabu kila pigo. Mia tatu na kumi na mawili. Akakaa juu ya robota la kitambaa.

Hakuuliza inawezekanaje. Aliuliza tangu lini.

"Tangu siku yako ya kwanza," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayeeleza bati linapovuja. "Wako ukipanda, wangu unapanda. Wako ukishuka, wangu unashuka. Saa saba mkienda kula ndipo nawahi kuweka kola. Zamani nilikuwa natoa mashati kumi na mawili kwa siku, sasa nikijitahidi ni manne."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba? Mtu kahangaika miaka miwili, kapata kazi, nimwambie bega linaniuma?"

Mjaribu aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa laini, umepumzika, haukuwa hata na tone la jasho. Alikwenda bombani akauosha kwa sabuni, akausuuza, akauosha tena, na ulipokauka ukabaki mzuri vilevile.

Kesho yake, wakati wa chai, aliwauliza wajaribu wenzake. Hakuna aliyeshtuka. Wa kwanza alisema kwake ni mkewe, na siku hizi kabla ya saa tatu asubuhi mke humlaza mtoto kitandani ili asimdondoshe. Wa pili alisema ni shangazi aliyemlea. Wa tatu alipanga chumba peke yake, kwa hiyo kwake ilikwenda kwa dada yake, anayefua mashuka ya hospitali katika mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi.

"Dada ameshazoea," alisema huyo wa tatu, akachovya mkate kwenye chai.

Jambo lenyewe, basi, halikujali umbali, wala halikufuata damu. Lilimtafuta yule ambaye tayari alikuwa amekubeba, likamwongezea. Na wote walikuwa wanajua, na wote walikuwa wameandika sifuri. Hapo ndipo mtu hutamani kutema mate, lakini ofisi ile ilikuwa na zulia.

Mjaribu alipiga moyo konde. Alijua mama yake hatamaliza miezi miwili zaidi namna ile, na fundi asiyeweza kuinua mkono si fundi tena. Alijua pia kwamba Bi Vitufe alikuwa anatafuta hoja ya kumwangusha Mbunifu Mkuu, na hoja ndiyo hiyo imejileta yenyewe. Jumanne iliyofuata alisimama, akaeleza yote: kola, vikombe, mapigo mia tatu na kumi na mawili, mke, shangazi, dada wa mashuka.

Hakuna aliyeangusha kalamu. Mkurugenzi aliandika kitu kwenye daftari lake.

"Huyo mama ni mwajiriwa wetu?" aliuliza.

"Hapana, bosi."

Mbunifu Mkuu alichukua fomu moja akaisoma kwa sauti. "Uchovu wa mchezaji. Mama yako anacheza?"

"Hapana."

"Basi fomu iko sahihi," alisema Mbunifu Mkuu, na akairudisha kwenye faili kwa upole, kama anayemfunika mtoto.

"Bosi, naomba mnisikilize," alisema Mjaribu. "Mama yangu anashona. Mkono ndio jembe lake. Sisemi muutupe mchezo. Acheni hata kitufe kimoja tu, asiyetaka kupiga kwa mkono abonyeze." Kisha akamgeukia Bi Vitufe. "Dada, si ulikuwa unasema mwenyewe?"

Bi Vitufe alikuwa anajikanda bega taratibu.

"Ngoja nielewe," alisema. "Nikicheza mimi, mimi mwenyewe sitaumia?"

"Hutaumia."

"Hata nikicheza saa mbili?"

"Hata sita."

Pale mezani wote walijua kwamba nyumbani kwa Bi Vitufe yuko mdogo wake wa kike, aliyekuja kusalimia wiki mbili, na sasa ni mwaka wa kumi na moja anapika, anafua na kuanika.

"Mimi nilikuwa napinga kwa ajili ya bega," alisema. "Kama bega lenyewe si langu, sina neno."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Watu wale walikuwa na fomu mia moja na sitini za kuthibitisha.

Walipiga kura. Wanane walitaka mikono, mmoja alitaka vitufe. Mjadala wa wiki saba ukaisha dakika arobaini kabla ya wakati, na Mkurugenzi akawapongeza wote kwa ukomavu. Muda uliobaki waliutumia kutunga onyo la kuwekwa mwanzoni mwa mchezo. Mtu mmoja alipendekeza: "Kabla ya kuanza, hakikisha mtu wa nyumbani kwako hajashika kitu cha moto." Mwingine akauliza, je, na visu? Wakabishana kwa dhati, wakakubaliana waandike "kitu cha hatari". Bi Vitufe ndiye aliyesahihisha nukta.

Mjaribu alikichukua kirungu chake, akakiweka mezani kwa mikono miwili, polepole, kwa sababu alijua kuna mtu wakati huo anaweza kuwa ameshika sindano. Kisha akaomba ruhusa akaondoka, na hakurudi tena.

Mama alimsema siku mbili mfululizo. "Mtu anaachaje kazi kwa sababu ya bega? Bega si linapona?" Siku ya tatu alishona mashati saba, akanyamaza.

Mchezo ulitoka. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kuununua. Mtandaoni, wagonjwa wa kochi waliwaomba radhi wapunga nzi: tulikosea, waliandika, tumecheza siku nzima na hatujachoka hata chembe. Waandishi wa habari za michezo waliusifu kwa neno moja, wepesi. Huko nje, wanawake kwenye foleni za benki walianza kusimama mbalimbali, umbali wa mkono mmoja, na benki zikachora mistari ya manjano sakafuni kuwasaidia. Maduka ya dawa yalihamishia dawa za kuchua karibu na mlango. Katika shule ya mtaa wa pili mwalimu alikuwa anafuta ubao mkono ukampanda mara kumi na tano. Wanafunzi wakasubiri ushuke, wakaendelea kunakili. Madaktari waliandika kwenye vyeti: umri. Hakuna aliyelalamika, maana waliochoka walikuwa na kazi, na waliopumzika hawakuwa na cha kulalamikia.

Kwa mama wa Mjaribu, hali ilikuwa shwari. Mwanawe alikuwa amekaa naye, anakata vitambaa na kupiga pasi kola. Bega lilikuwa limeanza kusahau. Kufikia mwezi wa nne walikuwa wamerudi kwenye mashati kumi na moja kwa siku, na duka likaahidi kumwongezea kazi.

Jumamosi moja mchana, mama alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano mkono ukampanda. Ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, ukashuka. Ukatulia. Kisha tena: kushoto, kulia, chini. Mjaribu aliiacha pasi. Aliyajua mapigo yale kuliko alivyolijua jina lake, kwa kuwa alikuwa ameyajaribu mara mia. Lilikuwa somo la kwanza, ambalo mchezaji mpya hawezi kuliruka.

Simu ya mama ikalia. Alikuwa mtoto wake mkubwa, kaka yake Mjaribu, kapera mwenye kazi nzuri katika mji mwingine, ambaye kila mwisho wa mwezi hutuma suruali zake kwa basi mama aziongeze kiuno. Mama alibonyeza spika kwa mkono wa kushoto.

"Mama, shikamoo! Unajua leo nimenunua nini? Ule mchezo aliokuwa anaufanyia kazi mdogo wangu! Mtamu kweli, mama! Na hauchoshi, watu hawakudanganya!"

"Marahaba, mwanangu. Nafurahi kusikia."

"Subiri, usikate, kuna jitu linakuja hapa."

Mama aliisukuma stuli kwa mguu apate nafasi, akasogea mbali na cherehani. Mkono ukapanda, ukashuka. Ukapanda tena. Mjaribu aliifuata simu, mdomo umeshafunguka kusema, lakini mama aliiwahi kwa mkono wa kushoto, akaiweka dirishani nyuma yake.

"Mwache," alimnong'oneza. "Wiki nzima yuko kazini. Naye apumzike."

"Mama, lakini bega..."

"Nimesema mwache."

Mjaribu alisimama pale akahesabu, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alikuwa analijua jitu lile. Halifi kabla ya pigo la themanini, na kwa anayejifunza huchukua mapigo mia na zaidi. Jasho lilimtiririka mama shingoni, likalowanisha nguo, na yeye akakaza macho ukutani kama abiria anayesubiri kituo chake.

"Nimeliua!" kaka alipiga kelele kutoka dirishani. Alikuwa anacheka, pumzi zake zimetulia kabisa. "Mama? Mbona unahema hivyo?"

"Nimetoka kupanda ngazi, mwanangu."

"Pole, mama. Kaa basi upumzike. Mimi naingia hatua ya pili."

Nyumba yao haikuwa na ngazi.