Kumsomea Papa Yasini

Mtaani Birere, mjini Goma, ambako nyumba za mbao zimebanana juu ya mawe meusi ya volkano, hakuna aliyemjua Faida binti Mohamed bila kujua pia vitu alivyounguza, alivyopoteza na alivyosahau. Aliwahi kuunguza maharage ya harusi ya watu. Aliwahi kwenda kuchota maji akarudi na habari nzima ya ajali ya pikipiki, bila maji na bila bidoni. Watoto wa madrasa walimwita Hasara, na kusema kweli hawakukosa sababu, maana wenzake walihitimu wakafanyiwa sherehe na sahani za pilau, yeye akabaki mkekani akirukaruka mistari. Herufi alizijua vizuri sana. Lakini jicho likishuka mistari miwili, sikio linaenda kwa muuza mkate nje, na roho inamfuata muuza mkate hadi kwao. Mwalimu alimpiga fimbo ili atulie, na hiyo fimbo ikawa kitu kingine cha kufikiria.

Kitu kimoja tu kilimkamata, nacho ni nywele. Wanawake walitoka hadi Himbi, kule kwenye nyumba za maana kando ya ziwa, wakapanda pikipiki kuja kusukwa na Faida kwenye saluni ya mabati. Akishaingia kwenye kichwa cha mtu, dunia yake imekwisha. Siku moja risasi zililia mjini, wenzake wakafunga mlango na kulala chini, naye akaendelea kusuka na kuuliza nani amezima taa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Faida zilikuwa kwenye vichwa vya wengine, ndivyo walivyomtania, naye akacheka pamoja nao. Nyumbani alilia. Mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ameshaachika mara moja kwa sababu ya sufuria na ahadi zilizosahaulika, huyo hachekeshwi na utani huo kila siku.

Baada ya vita kuingia mjini, majirani walimpeleka kituo cha afya wakidhani vita vimemharibu kichwa. Huko alikuwepo mama mmoja wa kusikiliza watu, Mukamugema, mwenye sauti ya chini na subira ya ng'ombe. Alimuuliza, "Hii ilianza siku gani?" Faida akajibu, "Tangu niko mutoto, mama." Mukamugema akatikisa kichwa. "Basi hii hapana ya vita." Akamweleza kwamba ugonjwa huo una jina, herufi nne za Kifaransa, TDAH, na kwamba si uvivu wala si laana. Akili ya Faida inao uangalifu mwingi, alisema, ila hatamu haziko mkononi mwake: ama inatawanyika kote, ama inazama mahali pamoja isitoke. Faida alifunika uso kwa kitenge akalia kwa muda mrefu. Miaka yote hiyo alikuwa amejitukana bure.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama baba yake asingeugua.

Muzee Mohamed alikuwa amekuja Goma kutoka Kasongo akiwa kijana, akafanya biashara ya magari ya mizigo, akajenga, akazika mke. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na daktari alikuwa amewaambia kwa upole wamrudishe nyumbani. Hakuomba mengi. Aliomba kitu ambacho wazee wa kwao wote waliomba: saa yake ikifika, asomewe Yasini, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mtoto wa damu yake.

"Mashehe banasomeaka kila mutu," alisema. "Mi nataka mutoto wangu."

Kila mtu alijua mtoto huyo ni nani. Ni Rachidi, kaka mkubwa, mwalimu wa madrasa huko Kindu, ambaye Yasini anaisoma akiwa usingizini. Lakini ndege hazikutua tena Goma, na barabara ya kutoka Kindu mtu hangeweza kuiita barabara. Rachidi alipiga simu akalia kama mtoto. Basi akabaki Faida.

"Huyu?" alisema shangazi Farida, dada ya muzee, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono isiyopumzika. "Huyu hamalizaka hata kikombe cha chai. Ataruka nusu, muzee aende na Yasini yenye matundu?"

Faida alisikia yote kutoka uani. Kesho yake alirudi kwa Mukamugema akamwambia nataka kumaliza kitu kimoja katika maisha yangu, kimoja tu, na ni hiki.

Mukamugema alikuwa Mkristo wa Rutshuru, Yasini hakuijua, ila alijua akili za watu. Alimkatia kipande cha katoni cha kufunika mistari ya chini, jicho lisipate pa kurukia. Akamwambia mkono wa kushoto uwe na kazi, usokote uzi wa nywele, maana mwili ukiwa na shughuli akili inakaa. Asome kidogo, apumzike, arudie, aongeze. Na juu ya yote akamfundisha neno moja. Kila kitu kikikuita, alisema, iwe sauti, iwe wazo, iwe nzi, usigombane nacho wala usikitazame. Kiambie "ngoja", macho yabaki kwenye mstari.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha Faida kilikuwa na tundu. Siku nyingine alisoma vizuri mpaka katikati, pale maneno yanapofanana na kurudi tena, akaruka. Siku nyingine hakufika popote, akarusha katoni ukutani. Alijifunza nje ya saluni, pikipiki zikipiga honi, akijiambia ngoja, ngoja, wapita njia wakimwona kama aliyechanganyikiwa. Asubuhi alisoma kando ya kitanda cha baba yake. Akipotea, yule mzee hakumkemea hata mara moja.

"Rudia nyuma, mutoto wangu," alisema huku amefumba macho. "Mi niko hapa."

Na mimi naona ni haki kulisema hili, kwa kuwa pale nyumbani hakuna aliyelisema: jicho lile lile lisilotulia ndilo lililomtunza muzee. Shangazi alifua, alipika, aliamrisha, lakini hakuona. Faida ndiye aliyeona midomo imekauka kabla muzee hajaomba maji. Ndiye aliyesikia pumzi imebadilika akamwinua kwenye mto. Anasoma, anaacha katikati ya neno, anachukua kijiko, anampa maji. Shangazi anaguna, "Ona, amekatisha tena!" Muzee anameza na kumtazama binti yake kwa mapenzi ambayo Faida, kwa haya ya kukatisha, hakuyaona vizuri.

Kidogo kidogo akaacha kukatisha. Shangazi mwenyewe alisimama mlangoni siku moja akasikiliza, akaondoka bila neno, na kwa shangazi Farida hiyo ilikuwa sifa.

Saa yenyewe ilikuja mchana, baada ya adhuhuri, jua limewaka juu ya mabati. Pumzi ya muzee ilianza kukwaruza kooni. Shangazi aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameshawasindikiza wengi. Akamgeuza kaka yake kuelekea kibla, akaweka kikombe cha maji na kijiko kwenye kigoda, akamfunga Faida mtandio vizuri kama anayekwenda harusini.

"Anza kusoma. Mi nakimbia musikitini kuita shehe na kuambia batu. Umutazame. Umutilie maji ku midomo, umutamukishe shahada. Unasikia, Faida?"

"Nasikia, tantine."

Na alisikia kweli. Akaketi karibu, uzi mkononi, katoni juu ya msahafu, akaanza. Pikipiki ikapita: ngoja. Jirani akagongelea msumari: ngoja. Likaja wazo kwamba baba anakufa, wazo kubwa kuliko yote, nalo akaliambia ngoja, likasogea kando. Kisha kitu kikafunguka. Kile alichokijua kwenye nywele tu, ule utulivu ambamo mkono unakwenda wenyewe, kilimjia sasa, kwa mara ya kwanza, mbele ya maandishi. Mistari ilimfuata mmoja mmoja. Alifika pale katikati, pale pa kurukia, akapapita bila kuteleza, na furaha ilimjaa kifuani hata akataka kucheka.

Hapo kitu kikamshika mkono wa gauni.

"Ngoja, Papa," alisema kwa upole, bila kuinua macho, na akaendelea.

Kikamshika tena, kikavuta kidogo, halafu kikalegea. Faida alisogeza mkono wake pembeni ili msahafu usitikisike. Alisoma. Hakuruka neno. Alifika aya ya mwisho, akaitamka mpaka herufi ya mwisho, akafunga msahafu, akaubusu, akainua uso wenye machozi ya furaha.

"Papa, nimemaliza! Yote, Papa."

Mkono wa muzee ulikuwa ukingoni mwa kitanda, umefunguka kuelekea kwake. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka. Kikombe kilikuwa kimejaa kama shangazi alivyokiacha.

Faida alichukua kijiko akamtilia maji. Yakashuka shavuni. Akamtilia tena. Alikuwa bado anamtilia maji, mto mzima umelowa, shangazi alipoingia na shehe nyuma yake. Shangazi alisimama. Aliyatazama yale maji, akakitazama kikombe, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alielewa. Alimwondolea kijiko mkononi. Akamfumba kaka yake macho, akamfunga taya kwa kitambaa, akaunyoosha ule mkono ubavuni.

"Alitamka shahada?" aliuliza shehe.

"Alitamka," alisema shangazi Farida haraka. "Kwa sauti nzuri."

Walimzika kabla ya magharibi, na matanga yakajaa watu. Kila aliyeingia aliambiwa na shangazi kwamba Faida alisoma yote, hakuruka hata neno. Wanawake walimkumbatia. Wale waliomwita Hasara walimshika mikono yote miwili wakamwambia umemufanyia muzee kitu kikubwa. Maisha yake yote alikuwa na njaa ya kusifiwa hivyo, na sasa alikaa katikati ya sifa hizo akitamani ardhi immeze. Hata Mukamugema alikuja, akavua viatu mlangoni, akamnong'oneza, "Umeona? Uliweza." Faida akamjibu, "Ee, mama. Niliweza." Ilimuuma kumjibu hivyo, maana mama wa watu hakuwa na kosa lolote.

Usiku shangazi alimletea simu. Alikuwa Rachidi, kutoka Kindu, sauti imekauka kwa kulia.

"Mudogo wangu. Banasema ulisoma yote."

"Nilisoma yote, yaya," alimjibu kaka yake.

"Hukuruka?"

"Sikuruka."

Rachidi alilia tena. Alisema yeye ndiye aliyewaambia kwamba hataweza, tangu wakiwa watoto alisema hivyo, amsamehe. Alisema kwamba yeye amesomea maiti na wagonjwa wa watu wengi, na baba yake mwenyewe hakumsomea, na kwamba asante ya jambo hilo hataweza kumlipa. Kisha akauliza kile ambacho kila mtoto aliye mbali huuliza.

"Papa alisema nini ku mwisho? Uniambie, Faida. Wewe ndio ulikuwa naye."

Shangazi alikuwa ameketi mbele yake. Alikuwa akimtazama moja kwa moja, akitikisa kichwa polepole, midomo yake ikimwonyesha maneno ya kusema: alitamka, sema alitamka.

Faida aligeuka kutazama ukuta.

"Sijui, yaya," alisema. "Alinishika nguo mara mbili. Nikamuambia angoje nimalize."