Hatua Arobaini na Mbili

Kanzidata ya alama za kimo haina huruma. Wapimaji watatu walikuwa wametafuta alama moja ya zamani, na wote watatu wakajaza neno moja: haikuonekana. Wa nne akisema hivyohivyo, inafutwa. Na wa nne alikuwa yeye, binti wa aliyeipigilia.

Ni kifungo cha shaba tu, kidogo kama kizibo cha chupa, cha kuwaambia wapima ardhi mahali hapo pameinuka kiasi gani juu ya bahari. Marehemu baba yake aliweka vingi. Barabara na maghorofa yakavimeza vyote, kikabaki hiki. Simu ilimpeleka katikati ya barabara, maana kanzidata yenyewe ilikiri kwamba namba zake zilikadiriwa kwenye ramani ya zamani. La kuaminika lilikuwa karatasi ya maelezo iliyopigwa picha, mwandiko wa baba umeinamia kushoto: Kutoka kona ya posta, hatua arobaini na mbili kufuata ukuta, kwenye msingi.

Alihesabu mara tano. Mara tano aliishia mlangoni kwa fundi cherehani. Ukungu wa asubuhi ulikuwa haujainuka. Mtaa ulielea, watu wakapita bila miguu, na cherehani ikalia kama iko ng'ambo ya mji. Alijiona mdogo, anamfuata mtu mwenye kofia ambaye hageuki. Mtafutaji hachoki, wanasema. Aliyesema hakuwahi kupiga magoti kwenye lami.

Akampigia mama yake.

"Mama, hatua za baba zilikuwaje?"

"Hatua?" Mama akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, yule alikuwa hatembei, anaonja ardhi! Kati ya kisigino na kidole, shubiri moja, basi. Miaka thelathini nimemngoja kila kona."

Akarudi posta, akaanza upya kwa mwendo wa baba.

"Dada, viatu vinabana?" fundi akauliza kutoka mlangoni.

Akaendelea kuhesabu. Mwili ulilegea, haraka ikamtoka. Kwenye thelathini alihisi kuna mtu kando yake, na hakutaka kugeuka asije akaondoka. Arobaini na mbili. Akapangua majani, akakwangua udongo kwa kucha. Shaba.

Akajaza fomu simuni: ipo, nzima. Kanzidata ikadai umbali kwa mita, na karatasi ya zamani iondolewe. Akanyoosha utepe wa kupimia kutoka kona ya posta: mita ishirini na moja. Kidole kikagoma juu ya mwandiko ule. Lakini kuuacha ni kuwapoteza wote watakaokuja, na wao hawatakuwa na mama wa kumpigia simu.

Alilia palepale mtaani, bila haya. Kisha akafuta hatua za baba yake, akaandika mita ishirini na moja, akatuma.