Upondo Umezama Wote

Tok. Mti wa kufungia mlango uliwekwa chini polepole, kama vile aliyeushika alikuwa anauomba unyamaze. Aurélie akafumbua macho gizani. Alfajiri za kiangazi hapa Nyangwe zina baridi, na hakuna mtoto anayeacha blanketi bure.

Alimkuta uani binti yake Chimène, wa miaka tisa, amebeba upondo begani, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

"Unaenda wapi na upondo wa watu?"

"Kwenye jiwe, mama. Leo iko zamu yangu ya kuruka. Yule Dady wa jirani ananiita kuku mwoga tangu Jumatatu."

"Na kuku anajibu nini?"

"Hajibu. Anaenda kuruka."

Aurélie nusura acheke. Angeweza kumrudisha ndani kwa kofi, lakini alijua mtoto aliyekatazwa huruka siku mama yuko sokoni. Akajifunga kitenge, wakateremka pamoja huku kunapambazuka.

Jiwe lilikuwa palepale, mita kumi juu ya mto Lualaba. Zamani lilikuwa la Aurélie na watoto wenzake. Walikaa ukingoni na magoti ya vumbi, wanatafuna muhogo wa kuchoma, harufu ya samaki wa moshi inawapandia kutoka chini. Desturi ilikuwa moja: haruki mtu kabla mwenzake hajapima kwa upondo kutoka mtumbwini. Ukizama wote, mpimaji anaita, "Umezama wote!" na mrukaji anajiachia. Nathanaël, yaya yake, kaka aliyemzidi miaka minne, alishuka kama mkuki, miguu mbele, mikono imebana mbavu. Makofi yao yalisikika mpaka ng'ambo.

"Wee mwenye mikono ya sombe," alikuwa anamtania kwamba ni laini kama majani ya muhogo yaliyopikwa, "sukuma, maji hayaumi."

Siku ile ya mwisho Aurélie alisukuma kwa nguvu zake zote, asiitwe sombe tena. Upondo ukazama wote. Akaita. Yaya akaruka.

Sasa Nathanaël anaishi Kasongo, anashona nguo kwa cherehani ya mkono, maana miguu yake haiwezi pedali. Watu husema ajali ile ni ya mto tu. Aurélie naye alisema hivyo miaka mingi, mpaka jioni moja kwenye darasa la watu wazima mwalimu Hippolyte alipoeleza kwamba mtu akianguka mita kumi anafika majini kwa kilomita hamsini kwa saa, mwendo wa pikipiki. Maji yanataka muda wa kukupisha. Yakiwa na kina, yanakupunguzia mwendo kidogo kidogo. Yakiwa haba, kazi hiyo inafanywa na mifupa yako. Kisha mwalimu akachomeka penseli kwenye udongo laini, ikaingia yote. Akalaza daftari juu ya udongo uleule, likakaa. Wenzake waliandika. Aurélie alifuta machozi, akasingizia moshi wa taa.

Aurélie na Chimène waliingia kwenye mtumbwi uliofungwa chini ya jiwe, wakausogeza mpaka mahali pa kurukia. Juu ya jiwe, Dady na wenzake walikuwa wamekwisha kufika. Chimène alisimamisha upondo, akausukuma kwa kifua chote.

"Umezama wote, mama. Ona, maji iko mengi."

"Mimi ndiye niliyepima siku mjomba wako alipovunjika," Aurélie alisema. "Ulizama hivyohivyo. Sijamwambia mtu."

"Hata yeye?"

"Hata yeye. Jumapili nitaenda Kasongo kumwambia."

Chimène aliacha kusukuma. "Lakini ulizama."

"Ndiyo. Tujue sasa ulizama ndani ya nini."

Aurélie aliokota jiwe bapa, pana kama sahani, lililokuwa miguuni mwao mtumbwini, akalifunga kwa kamba ya mtumbwi, akaliteremsha taratibu. Mara kamba ikalegea. Akaijaribu tena, mara ya tatu pia, ililegea palepale. Chimène alichomoa upondo. Nusu yake ya chini ilikuwa nyeusi kwa matope.

"Kuku!" Dady aliita kutoka juu, tayari amevua shati. "Unapanda ao unavua samaki? Ukichelewa ninaruka mimi."

Chimène alivuta kamba, akaweka jiwe kwenye vidole vyake vya miguu, akaipandisha kamba mwilini mwake mpaka mahali ilipokoma kulowa. Akapatazama. Kisha akainua uso, akasema kwa sauti ya kufika huko juu:

"Dady, maji yananifika kifuani tu."